Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanamemba wote, Lubumbashi

Wapenzi wanamemba, baba, mama na vijana,

Kazi za kawaida za chama chetu cha wapenda mambo ya zamani mnazijua, sitakawia. Tulikutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi katika chumba chetu cha Kamalondo. Tulionyesha sinema za kuchekesha: za Charlot, yaani Charlie Chaplin, za Laurel na Hardy, na za Louis de Funès mara mbili kwa sababu mliomba. Upande wa vitabu, tulisoma kwa sauti ile historia ya Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi yetu, ambayo André Yav aliiandika 1965, kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa niaba ya wale waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Baada ya masomo hayo wazee wanne walianza kuandika maisha yao wenyewe katika madaftari tuliyowapa. Wazo la madaftari nililileta mimi, komite ikalipokea vizuri.

Sasa nije kwenye maketi, yaani mifano midogo ya ndege, maana maneno yamezunguka hapa mjini kuanzia mtaa wa Katuba hadi mtaa wa Kenya kwamba mwenyekiti amekula karamu ya wanamemba.

Mwezi wa kumi komite iliketi. Watu watano kati ya saba walikubali kwamba mwaka huu tusifanye karamu ya Desemba, na pesa hiyo inunue maketi ya ndege ya kuunganisha. Kuna karatasi yenye sahihi. Anayetaka aje aione. Maketi sita yalitoka Ubelgiji katika mizigo ya mtoto wa memba mwenzetu, bila gharama ya usafiri. Hilo pia nililipanga mimi.

Nimeambiwa ni michezo ya watoto. Waliosema hivyo hawakuwapo siku tulipounganisha maketi ya ndege ya DC-3. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza 1935, na Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji wakati ule, iliitumia huku Kongo. Wazee wetu waliiona angani wakiwa watoto. Mabawa yake ya kweli yana karibu mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha 1/72 inabaki kama sentimita 40, inaenea mezani na kila mtu anaiona yote kwa mara moja. Baba mmoja aliyekuwa fundi wa reli alichukua tupa ya kucha, akasugua mguu wa gurudumu mpaka ukaingia bila kulazimishwa. Aliwaonyesha vijana kuloweka nembo katika sahani ya maji, kungoja iachie karatasi, kisha kuisukuma kwa kidole kilicholowa hadi mahali pake. Vijana wale wanajua kutengeneza malori ya waya, mikono yao si migeni. Gundi ilipokuwa inakauka, baba akaanza kusimulia karakana alimojifunza kazi, msimamizi wake, na mshahara wake wa kwanza. Muda wote tuliomjua hajawahi kutusimulia hayo. Kijana aliyekaa karibu aliyaandika, yakajaza kurasa nne za daftari. Karamu gani imewahi kutuachia kurasa nne?

Wengine wanasema kukumbuka ndege za Sabena ni kutamani ukoloni. Nakataa kabisa. Yav hakuficha mateso ya wakati ule, na sisi tumemsoma mbele ya watu wote. Hata Charlot katika ile sinema ya 1936, anayekaza bolti kiwandani mpaka akili inamruka, wazee waliofanya kazi viwandani walimcheka sana, halafu mazungumzo ya zamu za usiku yakaendelea mpaka mwenye chumba akaja kufunga. Mtu anapenda mambo ya zamani kwa sababu yanampa pa kuanzia kusema.

Kinachoniumiza ni mahudhurio. Siku ya Laurel na Hardy watu walisimama hadi dirishani. Siku ya kusoma madaftari ya wazee wetu tulikuwa tisa. Mzee anasoma maisha yake, viti vimebaki vitupu: hiyo si heshima.

Na michango. Tuko wanamemba 46, kila mmoja dola 2 kwa mwezi, yaani dola 1,104 kwa mwaka. Waliomaliza ni 17, waliolipa nusu ni 12, na 17 hawajatoa hata moja. Tulipata dola 552, pamoja na 95 za mwaka jana ni 647. Kodi ya chumba 240, petroli ya jenereta 110, vitabu na madaftari 48, maketi pamoja na gundi na rangi 186. Zimebaki 63. Wanaolia zaidi juu ya karamu, majina yao mengi yapo katika wale 17 wa mwisho. Mtunza sanduku ana orodha.

Mwaka ujao tunatumaini kupata projekta nzuri zaidi, na Mungu akijalia tutakusanya madaftari yawe kitabu. Maketi mawili bado hayajafunguliwa. Mkutano ujao ni Jumapili ya kwanza, saa nane kamili; njooni na michango yenu.

Mwenyekiti wenu