Kwa mpwa wangu anayeitwa Mheshimiwa Balozi kabla ya kuanza chuo

Mpwa wangu,

Mama yako amenieleza kwamba umepata nafasi chuoni kusomea uhusiano wa kimataifa na sera za umma, na kwamba wadogo zako wameshaanza kukuita Mheshimiwa Balozi. Hongera sana. Utani huo ufurahie, ila usiupangie maisha. Kila ubalozi una balozi mmoja, na mara nyingi huteuliwa kwa sababu zisizofundishwa darasani. Wenzako wengi utawakuta wizarani, kwenye mashirika na vyumba vya habari, wakiandika ripoti na kuchambua bajeti.

Mwaka wa kwanza utalishwa nadharia. Utasikia kwamba mfumo wa dola huru ulianzia kwenye mikataba ya amani ya Westphalia, kule Ulaya, ya mwaka 1648 (wanahistoria wenyewe wanabishana juu ya hilo, usilimeze zima). Wahalisia watakwambia dola hutazama nguvu kwanza, waliberali watajibu kwa taasisi na biashara. Wasome wote, lakini usiwashabikie kama timu za mpira.

Kinachonikera ni namna wanafunzi wanavyoikata kozi hii vipande viwili. Vita na mikutano ya wakuu wa nchi wanavipenda. Sera za umma wanazisoma ili wafaulu mtihani, basi.

Hebu chukua Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ile ya kulinda tabaka la ozoni, ngao ya angani dhidi ya miale hatari ya jua, kwa kuondoa kemikali zinazoliharibu, zikiwemo gesi za friji. Kwenye uhusiano wa kimataifa utafundishwa kwa nini ilikubalika: nchi zinazoendelea ziliongezewa miaka 10 ya kutekeleza masharti, mwaka 1990 ukakubaliwa mfuko wa kuzisaidia gharama, na nchi iliyobaki nje ilibanwa katika biashara ya kemikali hizo. Leo nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeiridhia. Vizuri. Lakini sahihi ya waziri haizuii gesi kuvuja kwenye friji. Lazima pawe na kanuni ya leseni kwa waagizaji, afisa wa forodha anayeweza kuutambua mtungi wenye lebo ya uongo, fundi aliyefunzwa kuikusanya gesi badala ya kuiachia hewani, na fungu la bajeti la kuwawezesha wote hao. Magendo ya gesi hizo yalishamiri miaka ya 1990, wakati mkataba upo na sahihi zake zote. Sasa niambie, hapo uhusiano wa kimataifa unaishia wapi na sera za umma zinaanzia wapi? Mimi mpaka huo sijauona, na mtu anayeujua upande mmoja tu ataandika tasnifu nzuri isiyomsaidia yule afisa wa forodha hata kidogo.

Jambo jingine: soma maandishi yenyewe ya mikataba, si muhtasari wa mtu. Ukisikia Baraza la Usalama limekwama tena, fungua Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ni fupi mno. Uamuzi wowote usiohusu taratibu za vikao unahitaji kura 9 kati ya 15, na mjumbe mmoja tu kati ya watano wa kudumu (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa) akiupinga, umekufa. Wakubwa walijiwekea turufu hiyo, yaani kura ya veto, mwaka 1945 kwa makusudi kabisa, wakijua itakwamisha mambo. Ukilijua hilo, utaacha kushangaa na utaanza kuuliza swali gumu zaidi: nani anaweza kuibadilisha, ikiwa mabadiliko ya Mkataba nayo yanahitaji ridhaa ya hao hao watano?

Mikutano ya kuigiza Umoja wa Mataifa nenda, suti zitakupendeza, na utajifunza kujadiliana. Ongeza lugha moja kati ya zile sita rasmi za Umoja huo. Jizoeze pia kuandika waraka wa kurasa mbili, maana mwenye kuamua hatafika ukurasa wa 30.

Na hesabu usizikimbie. Takwimu na uchumi ndivyo vitakavyokuwezesha kujua kama sera imefanya kazi au imesifiwa tu.

Kabla hujajisajili masomo ya hiari, nitumie orodha yako niione. Nikikuta umekwepa takwimu, namwambia mama yako.

Mjomba wako