Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, Lubumbashi

Wanachama wapenzi,

Mwaka huu karibu kila kikao kiliishia kwenye ubishi uleule: Kiingereza kinaingilia lugha zetu, tufanye nini? Wengine mlitaka tuandike orodha ya maneno ya kupigwa marufuku. Mimi nilikataa, na nawiwa kuwaeleza kwa nini.

Kiingereza hakikuingia jana. Reli iliyofika hapa mwaka 1910, mji ukiwa ndio kwanza unazaliwa kwa jina la Élisabethville, ilitokea kusini, Rhodesia (leo Zambia na Zimbabwe). Ilileta wafanyakazi, nao wakaja na maneno yao. Motoka, yaani gari, tunayopanda kila siku ni Kiingereza kilichokwisha kula bukari, ugali wetu, nasi. Wabemba wanasema isukulu, yaani shule, kutoka "school", wala hakuna anayeona haya. Neno likishavaa viambishi vyetu, ni letu.

Kinachoniuma ni kingine. Asubuhi moja nilikuwa Katuba, mtaa wa hapa mjini, kwa bibi mmoja aliyelelewa kwa Kibemba. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Binti yake akaingia na mtoto wa miaka 7 anayesomeshwa kwa Kiingereza. Bibi akawasalimu, "Mwashibukeni mukwai," yaani mmeamkaje. Mtoto akamtazama mama yake. Mama akamfasiria kwa Kiswahili, polepole, na mtoto akajibu, "Gudi moningi." Bibi akarudia kinu chake. Hakusema neno tena mpaka naondoka.

Siwalaumu wazazi. Anayefanya biashara Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anajua Kiingereza kinamlipia kodi ya nyumba, na tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumia Kiingereza, mwaka 2022, haja yake imezidi. Tukiri pia kwamba Kiswahili chetu ndicho kilichotangulia kuzisukuma pembeni lugha za wazee. Lakini Kiswahili kina pa kuegemea: Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kibemba, Kisanga na Kilamba vinategemea nyumbani tu, na nyumbani ndipo vinaponyamaza.

Kwa hiyo nguvu zetu tulizipeleka kwa wazee, kurekodi hadithi na mafumbo yao. Kazi ilisimama miezi mitatu kinasa sauti kilipoharibika, sasa inaendelea. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Mwaka ujao naomba Jumamosi moja kwa mwezi ya wajukuu kukaa na wazee, kila mzee aseme lugha yake bila kufasiriwa. Bibi wa Katuba amekubali kuanza. Tunatafuta ua wenye kivuli.