Kikao cha Jumamosi: Julien Sorel

Habari za jioni, wanakikundi. Kikao cha Le Rouge et le Noir, riwaya ya Stendhal ya 1830, kimesogezwa hadi Jumamosi saa 10 jioni, chumba cha juu cha maktaba, si ukumbini.

Someni Sehemu ya Kwanza tu. Msiruke pale mzee Sorel anapomkuta mwanawe Julien, mhusika mkuu, juu ya boriti, anasoma badala ya kuangalia msumeno, akakipiga kitabu kikatumbukia mtoni. Mtoto wa mpasua mbao, Agano Jipya zima la Kilatini kichwani, Napoleon moyoni! Mimi namwona mnafiki. Wanaomtetea waje na hoja.

Mchango wa chai ni shilingi 3,000, kwa mweka hazina. Unayekuja andika "nipo" kabla ya Alhamisi usiku, tafadhali.