Gia za umeme ziuzwe pamoja na vipuri vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu baiskeli zenye gia za umeme, yaani gia zinazobadilishwa na mota ndogo ya betri badala ya kuvutwa na waya wa chuma, ambazo siku hizi tunapishana nazo barabara ya Bagamoyo asubuhi za Jumapili.

Wapo wanaozibeza kwamba ni urembo wa kuharibika upesi. Hapo siko nao. Kampuni ya Shimano ilitoa gia zake za umeme, Di2, mwaka 2009, wapinzani wao SRAM wakaja na zao zisizo na nyaya mwaka 2015, na watu wamesafiri nazo mbali sana. Hakuna waya wa chuma wa kuota kutu au kukatikia ndani ya mkono wa kubadilishia gia, na sisi wa pwani tunaijua vizuri kutu. Chaji moja ya Di2 inaweza kukufikisha kilomita elfu moja. Kutoka hapa hadi Mbeya ni mia nane na ushee. Hata chaji ikikaribia kuisha, gia za mbele ndizo hugoma kwanza, za nyuma zikiendelea kwa muda.

Shida inaanza kitu kikiharibika njiani. Waya wa kawaida ukikatika Chalinze, fundi aliye chini ya mwembe ana waya, ana koleo, soda haijaisha umeshaondoka. Sasa mpelekee Di2 iliyoanguka. Mota ya gia ya nyuma hujiachia ili isivunjike, na dawa ni kubonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa tu. Asiyelijua hilo atakwambia imekufa, na wewe utamwamini.

Betri nazo zina mambo yake. Mikono ya SRAM hutumia betri ya kidonge ya CR2032, ile ile ya kompyuta, Kariakoo imejaa. Mikono ya Di2 zisizo na nyaya za mwaka 2021 inataka CR1632, na hiyo usitegemee kuikuta duka la njiani. Kwa hili SRAM wamefikiri vizuri: betri ya gia ya nyuma ikiisha, unachomoa ya gia ya mbele unaihamishia nyuma.

Niliuliza chaja ya akiba katika duka moja hapa mjini, duka lile lile linalouza baiskeli zenyewe kwa mamilioni. Jibu: itaagizwa nje, acha namba tutakupigia. (Simu bado naisubiri.)

Ombi langu ni kwa wauzaji. Anayeuza gia hizi aweke dukani chaja, betri, nyaya za Di2 na kile kishikio cha alumini cha gia ya nyuma kinachopinda baiskeli ikianguka. Awe pia na fundi, hata mmoja, anayeweza kuunganisha baiskeli na programu ya simu akasoma hitilafu. Mpaka hapo, anayekwenda Iringa namshauri afunge gia za waya, kwa sababu kukwama na gia moja nzito chini ya Mlima Kitonga, malori yakikupumulia mgongoni, si mahali pa kusubiri kifurushi kutoka Ulaya.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam