Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Maji ya Iringa hayachemki kwenye nyuzi 100

Kamwene, Mheshimiwa Waziri.

Nakuandikia kutoka Iringa. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya fizikia katika chuo ambacho sitakitaja, maana sitaki mtu aitwe ofisini kujieleza kwa ajili ya barua yangu. Kazi yangu ni kupanga vifaa kabla wanafunzi hawajaingia, kukaa nao wakipima, na kutengeneza kilichoharibika wakishatoka. Wengi wao wanasomea ualimu. Miaka mitatu ikipita utawakuta Kilolo, Makete au Ludewa, wameshika chaki mbele ya watoto wetu.

Naomba pesa kidogo ya matengenezo inayokaa maabara penyewe, na mafundi wa kuitumia. Naomba univumilie nieleze kwa uzi na jiwe.

Zoezi la kwanza la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni pendulamu. Unafunga kijiwe kwenye uzi, unakibembeza, unahesabu muda, halafu unakokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani kitu kinachoanguka huongeza kasi kiasi gani kila sekunde. Vitabu vingi vinaandika 9.81. Lakini dunia haivuti sawasawa kila mahali. Sisi tuko karibu na ikweta, tena juu ya mlima, na huku kwetu jibu ni kama 9.78. Muhula uliopita binti mmoja alipata 9.77, akatazama kulia na kushoto, akachukua kifutio, akaandika 9.81. Nilimsogelea nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Shikamoo mwalimu, nimekosea kupima." Hakuwa amekosea. Alikuwa amepima Iringa vizuri kabisa, akaifuta.

Wanafunzi wanaita kupika data. Wapo wanaosema ni uvivu, na mimi niliamini hivyo miaka mingi. Siamini tena. Chukua uzi wa mita moja. Bembea 100 kamili, kwenda na kurudi, huku kwetu huchukua sekunde 200.9. Kungekuwa na mvutano ule wa kitabuni zingekuwa 200.6. Tofauti yote ni sekunde 0.3. Ili uione lazima uhesabu mpaka 100, urudie, urudie tena, kwa saa isiyokwama. Sasa weka wanafunzi kumi kwenye meza moja yenye saa moja nzima, na wengine wakisubiri mlangoni. Nani atafika 100? Wanahesabu bembea kumi, na katika bembea kumi tofauti hiyo inamezwa na kidole kilichochelewa kubonyeza. Hapo mwanafunzi hana cha kumtetea zaidi ya kitabu. Anapika, anapata alama, na anaondoka akijua kwamba hivyo ndivyo kazi inavyofanywa.

Ni hivyo hivyo kwenye kuchemsha maji. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kila mwaka naletewa vipimajoto "vibovu". Ni vizima. Vinasema ukweli wa Iringa kwa watu waliofundishwa namba ya pwani.

Mheshimiwa, mkoa huu una historia yake katika jambo hili. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko Lushoto, mwaka 1963, alipoona maziwa yake ya aiskrimu yaliyoingia kwenye jokofu yakiwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa. Alipokuja shule ya sekondari Mkwawa, hapa hapa Iringa, alimuuliza swali hilo Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka tena. Osborne hakumcheka. Alirudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta majibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao, na mpaka leo wanafizikia wanabishana lini hali hiyo hutokea na kwa nini.

Maneno ya yule fundi yananigusa kwa kuwa ni mwenzangu wa kazi. Alikuwa na jibu mkononi na bado kitabu kilimtisha. Lakini alikuwa na jokofu linalofanya kazi, muda wa kurudia, na mkubwa aliyetaka kujua. Ndiyo maana tunalijua jina la Mpemba.

Sisi je? Msimu wa mvua uliopita radi ilipiga na pawa saplai nne zikafa pamoja. Nilizifungua zote. Tatu zilihitaji fyuzi na kapasita, vitu ambavyo fundi redio wa sokoni anavyo kwenye kopo. Niliandika dokezo. Likapanda kwa mkuu wa idara, likaenda uhasibu, likarudi likitaka ankara tatu za kulinganisha bei, likapanda tena. Muhula ukaisha. Mwishowe nilinunua kwa pesa yangu, nikaambiwa kwa upole kwamba nimekiuka utaratibu. Lenzi nazo zinaota kuvu kwa unyevu wa baridi yetu, na hazina sanduku la kuzihifadhi. Mwenzangu alistaafu na nafasi yake haijajazwa, hivyo mwanafunzi anayetaka kurudi jioni kurudia vipimo hana wa kumfungulia mlango. Hili la mlango ndilo linaloniuma kuliko yote. Yupo anayetaka kurudia, nami nimemwambia hapana.

Najua serikali inajenga. Nilikuwepo wakati wa agizo la maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, enzi za Rais Kikwete, na niliona wazazi wakibeba mchanga na matofali. Najua pia mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia, unavyoinua majengo mapya vyuoni. Nashukuru, na sisemi kwa kujipendekeza. Lakini jengo lina mkandarasi na tarehe ya uzinduzi, na fyuzi haina mwenyewe. Kila maabara ipewe masurufu madogo kila muhula, fundi ayarejeshe kwa stakabadhi na leja ikaguliwe wakati wowote. Na fundi anapostaafu, kibali cha kuajiri mwingine kitoke kabla hajakabidhi funguo.

Ukipita huku, usitutangazie ziara. Njoo siku ya vitendo, ukae meza ya kwanza karibu na dirisha, pale panapokaa yule binti. Tutakufungia uzi wa mita moja na kukupa saa iliyo nzima. Tutahesabu wote kwa sauti mpaka 100. Itatuchukua dakika tatu na sekunde 20 na kidogo, na hicho kidogo utakisoma mwenyewe.

Fundi sanifu maabara,
Iringa