Mhariri, gari kutuniwa si kosa, kosa ni kutuniwa bila karatasi

Mhariri,

Hodi kwenye ukurasa wa barua, na unisamehe mapema kama hii itakuwa ndefu, hili jambo limenikaa kooni siku nyingi. Subaru ikipata ajali barabara ya kwenda Nairobi, hata majeruhi hawajatolewa ndani, watu washaanza, si unajua hao watoto wa Subaru, wameifungua hiyo gari, wametoa sailensa, na sasa kuna wasomaji wanataka kila gari iliyobadilishwa kitu ikamatwe irudishwe vile ilitoka kiwandani. Mie ni mmoja wa hao watoto, ingawa mvi zishaanza kuchungulia. Niko na Subaru Impreza STI, ile ya nguvu, nimeibadilisha, siwezi kukataa na jirani zangu wote wananijua kwa mngurumo. Lakini hao wanaotaka zikamatwe zote wamemshika asiye mwizi. Gari kutuniwa, yaani kurekebishwa injini na kompyuta yake tofauti na ya kiwandani, si kosa. Kosa ni gari kutuniwa halafu hakuna popote pameandikwa kilifanywa nini, na nani, na kwa mafuta gani.

Nieleze pole pole kwa asiyezijua hizi gari. STI nyingi zilizoko Kenya ni mtumba wa Japani, zimeshuka kwa meli hapa hapa kwetu bandarini. Na sheria yetu inasema mtumba ukizidi miaka minane tangu usajiliwe mara ya kwanza hauingii. Sasa piga hesabu. Injini ya EJ20, ambayo ndio watu wanaililia, Subaru waliiaga huko Japani mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la gari 555 tu, na 2022 wakatangaza kwamba STI nyingine ya petroli kwenye lile umbo jipya la WRX, gari ambayo STI hutokana nayo, haiji. Maana yake ni kwamba zinazoingia zinazidi kupungua, na nyingi za zilizoko nchini ndio hizo hizo, zinazunguka baina yetu. Moja inatoka kwa kijana wa Nakuru inaenda Eldoret, inarudi Nairobi, inateremka Mombasa, na kila anayeishika anaongeza lake, huyu tabo kubwa, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, yule pampu ya mafuta, mwingine kabadilisha programu ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Logbuku ya serikali itakuonyesha namba ya chesisi, ya injini, rangi na mwenyewe. Presha ya tabo haiko humo. Ukiuliza muuzaji anakwambia iko steji ya pili bro. Steji ya pili ya nini? Presha ngapi? Ilituniwa wapi? Hapo ndio utaona mtu anaanza kuangalia simu yake.

Rafiki yangu mmoja alinunua ya hivyo Nairobi, gari safi, rangi haina mkwaruzo, gereji moja ya huko ndio ilikuwa imeituni na inavuta kweli kweli. Akateremka nayo. Mpaka Voi hakuna neno, wamefika mbele ya Mariakani anapita matrela ya kwenda bandarini, kakanyaga, moshi mweupe nyuma kama wa kufukiza mbu, injini imenoki. Tulipoifungua pistoni moja imevunjika pale kwenye vijia vya ringi. Gereji ilipopigiwa simu jibu likawa ni moja, mafuta yenu ya Mombasa mabaya.

Sasa sikiza. Nairobi iko juu ya bahari kama mita 1,700, na huko presha ya hewa ni pungufu ya huku kwetu karibu sehemu moja ya tano. Aliyeituni alikuwa huko juu, gari inavuta hewa nyepesi, na kompyuta inasoma ramani, kwamba hewa ikiwa kiasi hiki mimina petroli kiasi hiki na piga cheche wakati huu. Akaridhika. Lakini ile tabo ilikuwa imefungwa boost kontrola ya mkono, kidude cha kupanga presha ya tabo, ambayo yenyewe inaongeza presha ya bar moja na kitu juu ya hewa yoyote inayoikuta. Ukiteremka Pwani inaongeza ile ile bar moja juu ya hewa nzito zaidi, kwa hivyo ndani ya silinda inaingia hewa nyingi kuliko ile fundi aliona, na kompyuta inafika sehemu ya ramani ambayo hakuna mtu aliwahi kuikanyaga, namba zilizoko hapo ni za kubahatisha. Ongeza joto letu, na ile intakula ya Subaru, ya kupoza hewa ya tabo, imekaa juu ya injini, ukipanga foleni Kibarani ama unangoja feri Likoni inachemka kama sufuria, hewa inaingia moto. Petroli inajilipua kabla ya wakati wake, pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado inapanda. Inaweza kuwa gereji ilifanya kazi nzuri kabisa kwa Nairobi, na inaweza kuwa ni kanjanja, lakini rafiki yangu hawezi kudai chochote kwa sababu hana hata kijikaratasi kinachoonyesha gari ilipimwa kwa presha ngapi na ikiwa wapi. Neno lake na lao.

Na hii ndio sababu nawaambia wanaosema irudishwe ya kiwandani wangoje kidogo. Ya kiwandani ya wapi? STI ya Japani iliwekwa kompyuta kwa petroli ya haioku, ile ya okteni, yaani kipimo cha petroli kukataa kujilipua mapema, inayokaribia 100, ndio inauzwa huko kwa wenye gari za nguvu. Petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo. Ukiileta hiyo gari bila kuigusa kitu, iko vile vile Wajapani walivyoifunga, ukaikanyaga hadi mwisho kwa mafuta ya huku, ina sensa ya kusikiliza noki, ule mgongo wa petroli ikijilipua mapema, na itajaribu kurudisha cheche nyuma ijiokoe, lakini hata huko kujiokoa kuna mpaka wake. Mtu mwenye akili anaituni kwa mafuta ya hapa, anapunguza presha kidogo, anaongeza petroli kidogo, na injini inaishi. Hiyo nayo ni gari iliyobadilishwa. Mnataka ikamatwe?

Kinachoniudhi zaidi hata kuliko barua zenu ni sisi wenyewe. Mtu ananunua rimu za laki na kitu, taa za buluu chini ya gari, na vifuniko vyekundu vya plastiki vyenye jina la kampuni ya breki anavibandika juu ya breki za kawaida, halafu muulize oili ilibadilishwa lini. Injini hii imelala, silinda mbili huku mbili kule, na ikiwa oili imepungua lita moja na unakata kona kwa nguvu, oili inakimbilia upande, pampu inavuta hewa, beringi inakwenda. Na hizi injini hula oili, hilo halina siri. Stiki ya kupimia oili iko pale pale mbele, kuichomoa kila ukijaza petroli ni bure. Taiming belti Subaru wanataka ibadilishwe kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni, hapo hakuna kurekebisha kwa elfu kumi. Lakini kilomita zenyewe ni zipi wakati dashibodi ilishabadilishwa njiani? Kama huna karatasi ya belti hesabu kwamba haijabadilishwa, badilisha pamoja na tensheni yake na zile rola na pampu ya maji, maana kazi ya kufungua ni ile ile.

Breki zenyewe. Maji ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya kiwango chake ni kutochemka mpaka nyuzi 230, yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155, na unyevu sisi tunao wa kumwaga. Ukiteremka na breki za moto maji yakachemka ndani ya paipu, pedali inazama hadi chini na gari inaendelea na safari zake. Nani anabadilisha maji ya breki? Kwa ninaowajua, wachache mno. Na tairi, hii gari inavuta kwa miguu yote minne na kuna difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma, ukiweka mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma zinazunguka tofauti na ile difu inafanya kazi siku nzima hata ukienda mbele moja kwa moja, ndio mtu anashangaa imeungua. Zote nne ziwe sawa, na soma zile namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, mwenye duka akikwambia ni mpya muonyeshe kwa kidole.

Halafu sauti. Hii naisema nikijua wenzangu watanuna. Ule mngurumo wa Subaru si nguvu, ni urefu wa mabomba tu, bomba za upande mmoja ni ndefu kuliko za upande wa pili kwa hivyo moshi unafika kwenye tabo kwa kuchechemea. STI za Japani za miaka ya baadaye zenye tabo ya njia mbili zina mabomba ya urefu sawa, zinalia laini, na tabo inaamka mapema. Sasa mtu anatoa hayo mabomba mazuri anafunga yasiyo sawa ili ilie kama ile Subaru ya dereva Colin McRae aliyoshinda nayo Safari Rally mwaka 1997. Amelipa pesa gari ipungue nguvu. Na ile milipuko ya pa pa pa ukiachilia mafuta, hiyo ni petroli inaungulia kwenye egzosti kwa makusudi, inapika katalisti, ile ya kusafisha moshi, na inapika tabo, na inamuamsha mtoto wa mtu saa sita usiku. Wanaolalamika kelele wako sawa hapo, sina utetezi. Na wanaokimbizana usiku kwenye barabara za mji wa kilomita 50 kwa saa wakamatwe tu, wawe na Subaru ama Probox.

Kwenye rali zenyewe mbona hakuna mtu anashtuka gari ikibadilishwa? Tangu mashindano ya dunia yarudi Kenya 2021 tunajazana Naivasha kuangalia gari ambazo kwa hesabu ya wasomaji wako zingekuwa zote kituoni. Kwa sababu gari ya mashindano ina pasipoti yake ya kiufundi, inakaguliwa, inajulikana imefungwa nini. Dereva wetu Patrick Njiru alipoendesha kale kagari kadogo ka Subaru Vivio kwenye Safari ya 1993 akamaliza nako, injini isiyofika hata cc 700, hakukuwa na muujiza, kulikuwa na watu wanaojua kila nati imekazwa na nani.

Kwa hivyo ombi langu, na nalielekeza kwa wenye gereji na kwa wanunuzi kabla halijafika serikalini. Anayegusa kontrol boksi, tabo, breki ama shoki za gari ya mtu aandike ukurasa mmoja, tarehe na kilomita, ameituni mji gani na kwa petroli gani, presha ya juu ilifika ngapi, petroli na hewa vilikuwa vipi ikiwa imekanyagwa mwisho, noki ilisomwa ama haikusomwa, na akabidhi ile faili pamoja na ya zamani aliyoitoa. Laptop anayo, hizo namba zote ziko kwenye skrini akifanya kazi, kuzichapisha ni shilingi ngapi? Aweke muhuri na sahihi. Mnunuzi naye aseme wazi, hakuna karatasi, bei inashuka ya injini nzima, kwa sababu hiyo ndio hatari unayoinunua. Na bima waambiwe kilichobadilishwa, wasije wakakataa kulipa siku ya shida wakisema ulificha. Injini ikibadilishwa, hilo ni la sheria tayari, logbuku irekebishwe, si jambo la kuombana.

Najua wenye gereji watasema mteja mwenyewe hataki kulipia karatasi, anataka gari leo jioni kuna harusi. Kweli wako wa hivyo. Lakini wako pia wanaolipa ovaholi mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna mtu anajua ile gari ina nini ndani, na mafundi wanaoogopa kuandika tunaanza kuwajua kwa majina. Hapa Mombasa sijaona bado gereji inayonipa huo ukurasa bila kuugombania. Ikipatikana, iwe Changamwe, iwe Mtwapa, itangaze hapa gazetini kwako, mimi na wenzangu tutapanga foleni hata kama bei yake imezidi ya jirani.

Wako,
Mwenye STI ya samawati,
Kisauni, Mombasa