Baridi ya Juni, kochi na miguu ya mzee

Mhariri,

Baridi ya Juni ikishaingia, familia nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe huwachukua wazazi vijijini na kuwaleta mjini. Nia ni njema. Bibi aliyezoea kupanda milima ya Makete na mzigo wa kuni kichwani anakalishwa kwenye kochi, anafunikwa blanketi, analetewa chai, chakula na hata maji ya kunawa pale pale alipo. Akijaribu kuinuka anaambiwa, "Mama, pumzika, umeshafanya kazi ya kutosha." Agosti ikifika hawezi kusimama bila kuvutwa mkono, na wote nyumbani husema ni uzee.

Uzee unasingiziwa mengi. Msuli usiotumika hupungua, na kwa mzee hupungua upesi kuliko kwa kijana. Siku 10 tu za kulala kitandani zinaweza kumpotezea mzee mwenye afya njema karibu kilo moja ya misuli ya miguu, na kuirudisha ni kazi ya wiki nyingi. Ya mapaja ndiyo ya kuogopewa zaidi, maana ndiyo inayomwinua mtu kitini, inayompandisha ngazi na kumshika anapoteleza.

Kumpima hakuhitaji hospitali. Chukua kiti cha mezani kisicho na mikono, cha kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani kisisogee. Mzee akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa tena, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Wewe simama karibu yake. Mwanamume wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 12, au mwanamke wa umri huo asiyefikisha 10, yuko kwenye hatari ya kuanguka.

Zoezi la kumrudisha ni hilo hilo. Akae nusu ya mbele ya kiti, avute visigino nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Kushuka ndiko kwenye faida kubwa: ashuke polepole akihesabu moja mpaka nne. Wengi hujibwaga kitini, na hapo nusu ya zoezi imepotea. Wengine hubana pumzi, jambo linalopandisha presha ghafla. Mwambie ahesabu kwa sauti, hatabana. Magoti yakikimbilia ndani, apanue miguu kidogo. Akishindwa kabisa, wekeni blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu, mlipunguze kadiri anavyopata nguvu. Mara 8 hadi 10, mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki, akipumzika siku moja katikati. Mwenye presha iliyofika 180 kwa 110, au anayebanwa kifua, aonane kwanza na daktari.

Makochi yetu ya sebuleni, mafupi na yenye kuzama, yanawaumiza wazee. Magoti yanakaa juu kuliko nyonga, mzee anashindwa kujinyanyua, anakata tamaa ya kusimama. Mpeni kiti kigumu cha mbao chenye mikono.

Kutembea nako kuendelee. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 kwa wiki angalau, na kwa waliofika miaka 65, mazoezi ya kusimama imara siku tatu. Hili la pili ni jepesi: ashike meza, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, akae hivyo sekunde 10, kisha abadilishe.

Misuli haijengwi kwa chai ya rangi na viazi. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, glasi ya maziwa 8, yai 6. Kwa hiyo yai na maziwa viwepo asubuhi, maharage au dagaa mchana na jioni. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kipimo cha daktari wake.

Usiku, asikurupuke kitandani. Akae ukingoni dakika moja au mbili akichezesha nyayo, kwa sababu presha hushuka mtu anaposimama ghafla, hasa anayemeza dawa za presha. Kandambili zisiwe viatu vya kwenda msalani. Raba inayoshika kisigino ni salama zaidi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba kilichofungwa hata kwa nusu saa: hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyesinzia haamki.

Akianguka, msikimbilie kumnyanyua kwa makwapa. Muulizeni anaumia wapi. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika: msimsimamishe, mfunikeni pale pale alipo, tafuteni gari la kumbeba amelala. Asipokuwa na maumivu, ageuzwe ubavu, apige magoti, mleteeni kiti mbele yake, aweke mikono juu yake na kusimamisha mguu wenye nguvu, kisha ajiinue mwenyewe nanyi mkiwa pembeni.

Mtaalamu wa mazoezi tiba,
Uyole, Mbeya